Sanda Mbili za Mama Insuk

Gil Taesik alizikwa akiwa amevaa suti ya mtu mwingine. Jambo hilo lilimla mjane wake kwa miaka miwili, na laiti angekuwepo mtu wa kumuuliza mapema kinachomsumbua, huenda haya mengine yasingetokea.

Taesik na mkewe, Yeom Geumsun, waliendesha duka la dobi hapa Flushing, mtaa wa wahamiaji huku Marekani, kwa miaka ishirini na saba. Mume alisimama kwenye mvuke wa pasi. Mke alikaa dirishani na cherehani yake, akipunguza viuno na kurefusha pindo za watu ambao hawakulijua jina lake. Sisi tulimwita Mama Insuk, kwa jina la binti yake wa pekee.

Kila duka la dobi huwa na nguo ambazo wenyewe hawarudi kuzichukua. Wamehama, wamekufa, au wamesahau. Kwao kanuni ilikuwa kungoja mwaka mzima, na mwaka ukipita Taesik, ambaye hakupenda kununua kitu, alijichukulia inayomkaa. Ndivyo alivyopata suti yake nyeusi ya kanisani. Ndani ya koti, karibu na mfuko, kulikuwa na herufi za jina la mwenyewe zilizotariziwa kwa uzi wa buluu. Geumsun alitaka kuzifumua. Mumewe akamkataza. Alisema mwenyewe anaweza kurudi.

Mwezi wa Februari, mwaka 2021, moyo wa Taesik ulisimama akiwa anavaa soksi. Insuk alifungua kabati la wazazi wake, akachagua suti iliyokuwa safi kuliko zote, akaipeleka kwa wazishi. Simlaumu kwa hilo. Mama yake aligundua kwamba mumewe amevikwa suti ile alipofika mbele ya jeneza lililofunguliwa, watu wameshasimama kuimba. Angesema nini? Alinyamaza, na tangu siku hiyo kifua chake kikaanza kuwaka. Akina mama wa kwetu wanaufahamu ugonjwa huo. Wanauita ugonjwa wa moto, na kila mmoja wao anajua kwamba kuni zake ni maneno yaliyomezwa.

Mtu pekee aliyeambiwa alikuwa Bang Malsun.

"Mume wangu yuko chini na nguo ya mtu nisiyemjua," Geumsun alimwambia. "Mwenyewe akija kuidai huko, atavuliwa mbele za watu."

"Basi atakuwa mtupu," Malsun akasema. "Utamtambua upesi."

Wakacheka mpaka wakashikana mikono. Walizoea kuzungumza hivyo. Malsun, Mama Dongcheol, alikaa katika jumba lilelile la wazee, orofa ya tisa, na Geumsun orofa ya saba. Alikuwa mdogo kwa miaka mitatu, kwa hiyo akamwita mwenzake dada. Kwa miaka kumi na moja walipanda lifti moja kwenda kanisani na kula meza moja katika kituo cha wazee. Waligombana juu ya kila kitu, kuanzia chumvi ya kabichi mpaka nani atangulie kufa.

Kalenda yetu ya zamani hufuata mwezi, na kila baada ya miaka miwili mitatu hupata mwezi wa nyongeza. Wazee husema huo ni mwezi usio na macho, kwamba huko juu hakuna anayechungulia, na lolote ulifanyalo halikuletei balaa. Kwa sababu hiyo sanda hushonwa mwezi huo. Mtu akishonewa sanda yake angali mzima, anakula na kutembea, umri wake hurefuka. Watoto wenye adabu huwanunulia wazazi wao, na wazazi huwaonyesha majirani kama mwingine anavyoonyesha koti jipya. Si jambo la huzuni hata kidogo.

Katika mwezi wa nyongeza wa mwaka 2020, milango yote ya jumba ikiwa imefungwa kwa sababu ya maradhi, Geumsun alimshonea Malsun sanda yake. Alitumia katani iliyofumwa kwa mkono, rangi ya majani makavu. Alishona bila kupiga fundo hata moja kwenye uzi na bila kurudisha sindano nyuma, maana fundo humkwaza marehemu njiani na huwafunga watoto wanaobaki. Malsun aliivaa, akajizungusha mbele ya kioo, akasema imembana matako. Geumsun alitaka kushona na yake na ya mumewe mwaka huohuo. Taesik akasema yao wangeshona zamu ijayo, haraka ya nini.

Zamu iliyofuata ilianza tarehe ishirini na mbili Machi 2023 na ingekwisha tarehe kumi na tisa Aprili. Geumsun alikuwa na miaka sabini na tisa. Mara mbili alimdokeza binti yake kwenye simu kwamba mwaka huu una mwezi wa nyongeza. Insuk alijibu kwamba ni vizuri, akauliza kama baridi imepungua. Alikuja Marekani akiwa na miaka kumi na mmoja, ameolewa na mtu wa Ohio, anafanya kazi katika ofisi ya bima. Lugha ya nyumbani anaijua ya kutosha kuomba chakula na kuomba radhi. Mama yake akaagiza katani mwenyewe kutoka nyumbani, ya kutosha sanda mbili. Moja yake. Nyingine angewekewa kifuani, imekunjwa, ndani ya jeneza, ampelekee Taesik abadilishe.

Hilo tu ndilo alilolitaka mama huyu mwaka ule. Alikuwa na wiki nne za kulifanya.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ule, mchungaji wetu, Mchungaji Seok, alihubiri kwa ukali juu ya watu wanaobeba Biblia mkono mmoja na kalenda ya mizimu mkono wa pili. Alisema Mkristo hana mwezi wenye macho wala usio na macho. Baada ya mahubiri akasoma majina ya akina mama watakaowekwa wakfu kuwa mama wa heshima wa kanisa, tarehe ishirini na tatu Aprili. La tatu lilikuwa la Bang Malsun. Nataka msomaji aelewe uzito wake. Katika nchi ambayo kwa miaka arobaini hakuna aliyetuita kwa cheo chochote, cheo cha kanisani ndicho jina la mtu. Malsun alikuwa ameosha sufuria za jiko la kanisa miaka thelathini akilingoja.

Siku mbili baadaye, msichana mmoja mpole kutoka shirika la afya alikuja kituo cha wazee kabla ya chakula, akagawa fomu zilizoandikwa kwa lugha yetu. Ziliuliza juu ya usingizi, hamu ya kula, na mawazo ya mtu kwa wiki mbili zilizopita.

"Dada, weka hapana kote," Malsun akasema. "Leo kuna samaki, wanapoa."

"Hata hujasoma."

"Nimesoma juu juu. Ni habari za huzuni. Hapana, hapana, hapana. Umemaliza."

Meza nzima ilifanya hivyo. Wazee arobaini, wengi wao hawalali, wengine hawajapigiwa simu na watoto wao tangu mwaka mpya, wote wakaandika kwamba wako salama, wakapanga foleni ya samaki. Geumsun peke yake aliitendea fomu ile kama inavyostahili kutendewa karatasi inayomuuliza mtu swali. Aliandika kwamba halali. Kando, mahali pasipo na swali, aliandika kwamba kifua kinawaka. Swali la mwisho liliuliza kama amewahi kufikiri ni heri afe. Akaandika: Mzee gani hafikiri?

"Unajitafutia nini?" Malsun akamuuliza. "Kuna waongo watatu duniani. Muuzaji anayesema anauza kwa hasara, msichana anayesema hataki kuolewa, na mzee anayesema anataka kufa. Hao watoto hawajui kwamba tunadanganya."

"Mimi sikudanganya. Kaniuliza kwa adabu."

Msichana yule alifanya kazi yake. Alimpigia Insuk simu. Jumamosi, tarehe mosi Aprili, Insuk akaja bila kutoa taarifa, akiwa na maboksi ya matunda na uso wa mtu asiyelala. Mama yake alikuwa bafuni. Juu ya kitanda zilitandazwa nguo za katani, koti refu, suruali, soksi, glavu, na kitambaa cha kufunika uso. Pembeni yake zilikuwa nyingine kama hizo, kubwa zaidi, nusu zimeshonwa. Mkasi ulikuwa juu yake.

Insuk hakujua anachokiangalia mpaka alipokiona kile kitambaa cha uso. Alikuwa amekiona mara moja tu, utotoni, kijijini, siku ya bibi yake. Akaketi sakafuni.

Mama yake alipotoka alifurahi kumwona. Akaanza kumweleza habari ya mwezi na ya uzi usio na fundo, haraka haraka, kwa maneno ambayo nusu yake Insuk hakuyaelewa. Insuk alisikia neno moja tu likirudiarudia, nalo ni kufa. Akatoka kwenye korido, akapiga simu ya dharura.

Hospitalini waliwekewa mkalimani kwenye skrini, kijana wa kwetu aliyevaa tai, anayezungumza kama msoma habari. Daktari aliuliza, kijana akatafsiri, Geumsun akajibu. Alijibu kwa ukweli, kwa sababu hakuona kosa.

"Hizi nguo ni za nini?"

"Za kuzikiwa."

"Unapanga kuzivaa lini?"

"Siku nitakayokufa."

"Siku hiyo ni lini?"

"Muulizeni Mungu."

"Na hizi nyingine?"

"Za mume wangu."

"Mume wako yuko wapi?"

"Makaburini."

"Utampaje?"

"Nitampelekea."

Daktari akaandika kwa muda mrefu. Geumsun aliutazama uso wa mkalimani, akaona kwamba kijana amemwelewa.

"Kijana, kwenu hamna bibi?" akamuuliza. "Waambie basi."

"Bibi, naruhusiwa kutafsiri tu," kijana akasema. "Siruhusiwi kuongeza neno langu."

Kuna watu watakaosema kijana alifuata kanuni. Ni kweli. Nami nasema kanuni inayomzuia mtu kusema anachokijua, mbele ya mama anayefungiwa mlango, haijaandikwa na mtu aliyewahi kuwa na mama.

Geumsun akamgeukia binti yake. Alimwambia ampigie Mama Dongcheol. Sanda ya Malsun aliishona yeye Geumsun, iko chini ya kitanda cha mwenzake kwenye sanduku la bati, akiulizwa atasema.

Insuk alipiga. Malsun alikuwa jikoni kanisani, mikono imejaa chumvi, na mke wa mchungaji amesimama pembeni yake akikata figili. Simu iliwekwa sikioni mwake na mwenzake mmoja. Alisikiliza. Kisha akasema, na waliokuwepo wote walimsikia:

"Sanda? Mwanangu, hayo yalikuwa mambo ya kijijini zamani. Mimi siyajui. Mama yako amekuwa na huzuni sana tangu baba yako aondoke. Wasikilize madaktari."

Halafu akarudi kwenye kabichi.

Insuk akatia sahihi mama yake alazwe.

Walimnyang'anya pini ya nywele na kamba za viatu. Walimpa mkate baridi na maziwa. Siwezi kusema hospitali haikumfaa kitu, maana dawa ilimpa usingizi, na usingizi alikuwa anauhitaji. Lakini kwa siku tisa hakuna aliyemuuliza kifua chake kinawaka kwa sababu gani. Walimuuliza tu kama anataka kufa. Siku mbili za mwanzo alijaribu kueleza habari ya suti, herufi za buluu, na ahadi ya zamu ijayo. Kila alipoeleza, daktari aliandika zaidi. Siku ya tatu akabadilika. Akaanza kujibu kama meza ile ya wazee wenye njaa ya samaki. Hapana. Hapana. Hapana. Wakamsifu kwamba anaendelea vizuri, na Jumatatu baada ya Pasaka wakamruhusu.

Nyumbani hakukuta mkasi. Sindano, pini na cherehani havikuwepo. Katani yote ilikuwa imeondolewa kitandani.

"Ziko wapi?"

"Ziko salama, Mama. Daktari amesema zisikae humu ndani."

"Zimebaki siku tisa."

"Siku tisa za nini?"

Geumsun akaeleza tena, pole pole safari hii, kama anavyoelezwa mtoto, akihesabu miezi kwa vidole. Insuk alikuwa amechukua likizo, analala kwenye kochi. Alisikiliza vizuri. Mwisho akasema kwamba daktari alimwonya. Watu waliokata shauri huwa na maelezo mazuri.

"Mama mdogo Malsun angekuwa ameniambia ni desturi, ningekurudishia leo hii. Nilimuuliza. Alisema haijui."

"Ulimpigia akiwa wapi?"

"Kanisani. Jikoni."

"Basi alikuwa na watu," Geumsun akasema, na uso wake ukatulia. "Akija mwenyewe atasema. Tumngoje."

Wakamngoja siku nne. Geumsun aliisikiliza lifti kila iliposimama orofa ya saba. Aliweka vikombe viwili mezani, na hakuviondoa.

Malsun alikuja Ijumaa asubuhi, amebeba sufuria ya uji wa mchele na mbegu za msonobari, uji ambao kwetu hupewa mgonjwa anayerudi nyumbani. Amevaa vizuri. Alimkumbatia Insuk, akamshika dada yake mikono yote miwili, akasema amekonda, hospitali za Wamarekani zina chakula cha mbwa. Alieleza habari za kituo, nani ameanguka, nani amepata mjukuu. Akafungua kifuniko.

"Kunywa, dada, ungali moto."

Geumsun hakugusa kijiko.

"Mama Dongcheol," akasema. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kumwita hivyo ana kwa ana. Alimwita wewe. "Mtoto wangu yupo hapa. Mwambie kilicho chini ya kitanda chako."

Malsun aliuangalia uji.

"Chini ya kitanda changu kuna viatu, dada," akasema.

Insuk aliniambia kwamba alimwonea huruma mgeni. Alidhani mama yake anamwaibisha mzee wa watu kwa maradhi yake. Alimsindikiza Malsun mpaka kwenye lifti na kumwomba radhi.

"Usijali, mwanangu," Malsun akamwambia. "Atapona."

Aliporudi ndani alimkuta mama yake anaondoa vikombe.

Jumatano, tarehe kumi na tisa, mwezi usio na macho ukaisha. Geumsun alikaa dirishani siku nzima, mikono juu ya magoti, mahali palipokuwa na cherehani. Hakuomba tena kitu. Insuk aliona hiyo ni nafuu.

Alhamisi asubuhi mama akaingia jikoni. Uji wa Malsun ulikuwa umeliwa na Insuk mwenyewe, kwa kuogopa kuumwaga. Geumsun aliisugua sufuria ile ndani na nje, akaikausha, akaing'arisha kwa kitambaa mpaka ikaonyesha uso. Akamkabidhi binti yake aipeleke juu.

"Hatuweki kitu ndani?" Insuk akauliza.

Hata yeye, aliyekulia huku, alijua chombo cha jirani hakirudi kitupu. Maisha yake yote alimwona mama yake akitia chochote alichonacho, mayai mawili, tunda moja la persimoni, hata konzi ya maharage.

"Hatuweki."

Orofa ya tisa, Malsun alifungua mlango, akaipokea sufuria kwa tabasamu, na kama sisi sote tunavyofanya, akainua kifuniko kutazama amewekewa nini. Alitazama ndani kwa muda. Kisha akaketi palepale kizingitini, sufuria mapajani, mzee wa miaka sabini na sita.

"Mama mdogo, unaumwa?"

"Ingia," Malsun akasema. "Ingia ufunge mlango."

Alipiga magoti na kulivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Viatu vilikuwa mbele yake, jozi mbili. Katika hilo moja hakudanganya. Akafungua. Insuk aliona koti refu la katani, suruali, soksi, glavu, kitambaa cha uso. Alipitisha kidole kwenye mshono kutoka bega mpaka pindo, halafu mshono mwingine, na mwingine. Hakukutana na fundo hata moja. Aliijua mishono ile. Ilikuwa kwenye sare zake zote za shule.

"Nani alishona?"

"Unajua nani."

"Kwa nini hukusema?"

Malsun alilia kwanza. Kisha akasema kwamba mke wa mchungaji alikuwa amesimama pale. Siku ile Geumsun alipokuwa anamwangalia alitaka kusema, lakini akaogopa kwamba Insuk atamwuliza mchungaji kama ni kweli. Akasema amekuwa mwosha vyombo miaka thelathini, mume wake alikuwa mlevi aliyejulikana na mtaa mzima, mwanawe Dongcheol hajaingia kanisani tangu talaka, na hii ndiyo mara ya kwanza jina lake kusomwa kwa sauti mahali popote katika nchi hii.

"Jumapili ndiyo siku yangu, mwanangu. Zimebaki siku tatu tu. Usimwambie mtu mpaka ipite. Nipe hizo tatu."

Insuk aliitazama mikono yake mizee ikikunja katani. Akamwahidi.

Ahadi hiyo aliitimiza. Jumapili ile Bang Malsun alisimama mbele yetu na vazi la hariri ya waridi. Mchungaji Seok akauliza kama ushirika unamkubali mama huyu kwamba ni mkweli na mwenye mwenendo safi. Tukasimama wote kuonyesha kwamba tunakubali. Wengi wetu tulikuwa na sanda zetu kabatini, au za mama zetu, na habari za Mama Insuk kupelekwa hospitali tulikuwa tumezisikia wiki tatu nzima. Tungeweza kumpigia simu yule binti. Tulisema si kazi yetu. Mimi pia nilisimama. Safu ya tano, Mama Insuk alibaki ameketi, na aliyekuwa karibu naye akadhani ni miguu.

Lakini siku ile ya Alhamisi Insuk alishuka kwa ngazi, hakungoja lifti. Alikwenda moja kwa moja mpaka gari lake, akatoa mfuko uliokuwa kwenye buti, akapanda nao. Alizitandaza sanda zote mbili kitandani, kama alivyozikuta siku ya kwanza, ile iliyokwisha na ile ya nusu. Akaweka mkasi, sindano na uzi juu yake. Akapiga magoti, paji la uso sakafuni, kama anavyoomba msamaha mtoto wa kwetu.

"Nimeona, Mama. Amenionyesha. Nisamehe."

Geumsun aliketi ukingoni mwa kitanda, akaishika sanda ya mumewe mahali sindano ilipokuwa imeachia. Alikuwa amefika kwenye mkono wa kushoto.

"Amesema nini?"

"Amesema kila kitu. Amelia."

"Na kanisani?"

"Ameniomba nisiseme mpaka Jumapili. Nimemwahidi."

Mama yake aliinua uso. Insuk anasema hajasahau mtazamo ule, na kwamba haukuwa wa hasira. Mama alimtazama kama anavyotazamwa mteja aliyeleta nguo isiyo yake.

"Ulimwamini mdomo wake," Geumsun akasema. "Sasa umeliamini sanduku lake. Mimi ningekuonyesha nini?"

"Mama."

"Kwake umeweza kunyamaza. Kwangu ulipiga simu."

Insuk alisema la mwisho alilokuwa nalo. Alimwambia mama yake ashone, yeye atatunga nyuzi, atakaa naye mpaka ziishe, hata wiki nzima.

"Mwezi ulikwisha jana," Geumsun akasema.

"Mwingine ni lini?"

"Miaka miwili. Mwezi wa sita wa kalenda yetu, kwenye joto." Alikuwa ameshahesabu. Alikunja sanda ya mumewe, mkono mmoja ukining'inia bila kushonwa, akaiweka juu ya yake, akazifunga zote kwa kitambaa cheupe. Kifurushi akakiweka kabatini, upande uliokuwa wa Taesik. Mkasi akamrudishia binti yake.

"Peleka na huu. Na umwambie daktari wako asiwe na wasiwasi. Sitakufa. Siwezi. Sina nguo ya kumpelekea baba yako."

Insuk alianza kucheka, kwa kuwa hivyo ndivyo mama yake alivyokuwa akizungumza na yule wa orofa ya tisa. Halafu akaona kwamba mama hacheki. Alikuwa ameshageukia dirisha, na alikuwa anangoja binti yake aondoke.